Likizo ndefu na safari ya mlimani: haki za kutimiza kabla ya kupanda

SIFA zote njema ni za Allah (S.W), Mola aliyeitandaza ardhi na kuikita humo milima iliyo imara. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mwaka 1325 kijana wa miaka 21 aliwaaga wazazi wake mjini Tangier, Morocco, akaondoka peke yake kwenda Hija. Kijana huyo ni Ibn Battuta. Alifika Makka, lakini hakurejea kwao. Moyo wake ulikwisha kuonja safari. Alizunguka nchi za Waarabu na Uajemi, na takriban mwaka 1331 alifika katika mwambao wetu: Mogadishu, Mombasa, kisha Kilwa, mji aliousifu kwa uzuri wake na kumsifu sultani wake kwa ukarimu. Akaendelea hadi India, Maldivi na Uchina.

Mwaka 1348, akiwa Damascus katika safari ya kurudi, ndipo alipopata habari kwamba baba yake alikuwa amefariki dunia miaka 15 nyuma. Mwaka uliofuata alikanyaga tena ardhi ya Morocco, na kabla hajafika nyumbani akaambiwa kwamba mama yake naye ameondoka kwa maradhi ya tauni. Msafiri yule aliyeijua dunia kuliko watu wengi wa zama zake aliikuta nyumba ya wazazi wake haina mzazi. Aliyoyaona yakaandikwa na Ibn Juzayy, na kitabu kikakamilika mwaka 1355.

Tumeanza na habari hii kwa sababu katika miaka ya karibuni limezuka jambo jipya katika familia zetu. Zamani mfanyakazi akipata likizo alikwenda kijijini kuwasalimu wazee, kuezeka nyumba au kuhudhuria harusi. Siku hizi wapo vijana, na hata akina baba na akina mama, wanaotaka kuitumia likizo ndefu kwa safari za kishujaa: kupanda mlima mrefu, kutembea siku nyingi msituni, kulala kwenye mahema. Je, mambo haya yana nafasi katika maisha ya Muislamu? Na kama yana nafasi, ni kwa masharti gani?

Likizo ni muda, na muda ni amana

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa siku zisizopungua 21 za kazi. Kwa mtu ambaye mwaka mzima huondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kurudi watoto wakiwa wamelala, siku hizo ni neema kubwa. Nasi tunajua kwamba neema itaulizwa, na kwamba miongoni mwa tutakayoulizwa Siku ya Kiama ni umri tuliutumia katika jambo gani.

Wala mtu asidhani kuwa kutembea kwa ajili ya kuona ni upuuzi. Qur'ani Tukufu inatuhimiza mahali pengi tutembee katika ardhi, tutazame jinsi Allah alivyoanza kuumba na ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia. Katika Sura Al-Ghashiya tunaulizwa kwa nini hatuitazami milima namna ilivyosimamishwa. Anayekwenda kuitazama kwa macho na moyo amekwenda kwa jambo jema.

Lakini Mtume (S.A.W) alitufundisha pia upande wa pili. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ameieleza safari kuwa ni sehemu ya adhabu, kwa sababu humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Na akamtaka aliyekwisha kutimiza haja yake afanye hima kurudi kwa watu wake. Safari, basi, ina kheri na ina mashaka, na mwenye busara hujiandaa kwa yote mawili.

Mlima wetu na hatua zake

Tuchukue mfano ulio karibu nasi, mlima Kilimanjaro. Kilele chake cha Uhuru, kilichoko Kibo, kina urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Hakuna mlima mrefu zaidi ya huo katika Afrika nzima. Hahitajiki mtu kujua kukwea miamba kwa kamba. Anayefuata njia za kawaida hupanda kwa miguu yake hadi juu. Wepesi huu ndio unaowadanganya wengi. Wanadhani kwamba kwa kuwa ni kutembea tu, basi mwenye nguvu na pumzi atafika.

Ukweli ni kwamba kikwazo kikubwa cha mlima ule ni hewa. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo kani ya hewa inavyopungua. Kileleni hupungua hadi kufikia takriban nusu ya ile ya pwani. Maana yake ni kwamba kila pumzi anayovuta mtu pale juu humpa karibu nusu tu ya oksijeni aliyoizoea Tanga au Mombasa. Mwili uliumbwa na uwezo wa kuizoea hali hiyo, lakini unahitaji siku, wala hauharakishwi kwa nguvu za misuli. Kijana mcheza mpira anaweza kuzidiwa mahali ambapo mzee wa miaka sitini anapita salama, kwa kuwa kijana alikimbia na mzee alikwenda taratibu.

Tuitazame njia ya Marangu, ambayo ni ya zamani na yenye nyumba za kulala. Siku ya kwanza msafiri hutoka langoni, kwenye mita zipatazo 1,870, akapita msituni hadi Mandara, mita 2,720. Siku ya pili hufika Horombo, mita 3,720. Siku ya tatu hufika Kibo, mita 4,720. Usiku wa siku hiyo hiyo, yapata saa sita, huamshwa na kuanza kukipanda kilele, akipita Gilman's Point kwenye mita 5,685, na jua likichomoza huwa karibu na juu. Kisha huteremka, na siku ya tano huwa amekwisha kutoka mlimani.

Hebu tulinganishe na ushauri wa madaktari wa milimani. Wao husema kwamba mtu akivuka mita 3,000, asiongeze mahali pake pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne apate siku ya kupumzika bila kupanda. Njia ya siku tano huongeza mita 1,000 kila siku! Ndiyo maana waongozaji wazoefu humshauri mtu aongeze walau siku moja pale Horombo, atembee juu kidogo mchana kisha arudi kulala pale pale. Au achague njia ndefu kama Lemosho, ambayo huchukua siku saba au nane.

Hapa ndipo likizo ndefu inapokuwa na maana. Mtu aliyepewa siku 28 hana sababu ya kuubana mlima katika siku tano ili aokoe gharama ya siku moja au awahi shughuli nyingine. Wahenga walisema haraka haina baraka, na neno linalosikika zaidi katika njia za mlima ule ni lile la waongozaji wakiwaambia wageni: pole pole.

Dalili zisizofaa kufichwa

Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa dalili ndogo: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu na usingizi kupotea. Mwenye dalili hizi asipande zaidi mpaka zimwishe, na zikizidi ateremke. Hatari kubwa ziko mbili. Ya kwanza ni ubongo kuvimba, na dalili zake ni mtu kuchanganyikiwa, kuongea mambo yasiyoeleweka na kupepesuka anapotembea. Ya pili ni mapafu kujaa maji, na dalili zake ni kuhema hata akiwa amekaa, kukohoa makohozi yenye povu na midomo kugeuka rangi. Yote mawili huua, pengine kwa muda wa saa chache. Dawa yake ya kwanza ni kumteremsha mgonjwa mara moja, iwe mchana au usiku, bila kungoja mapambazuko.

Zipo dawa ambazo daktari anaweza kumpa msafiri kabla ya kupanda ili kuusaidia mwili kuzoea. Haifai kuzitumia bila ushauri wake, wala hazimpi mtu ruhusa ya kwenda mbio. Kila anayekusudia kupanda amwone daktari kwanza, na hasa mwenye maradhi ya moyo, pumu au shinikizo la damu, pamoja na mama mjamzito. Jambo moja linatuhusu sana sisi watu wa Afrika Mashariki, nalo ni selimundu. Mwenye ugonjwa huo asijaribu kabisa kupanda mlima mrefu, kwa kuwa upungufu wa oksijeni humwamshia maumivu na madhara makubwa. Hata yule aliyerithi upande mmoja tu, naye ni mzima katika maisha ya kila siku, anaweza kupata madhara ya bandama akiwa juu. Wengi hawajijui hali zao. Kipimo cha damu kabla ya safari ni jambo jepesi.

Kinachowaangamiza watu mara nyingi ni kuficha. Mtu ameweka akiba miaka miwili, amewaaga wenzake kazini kwa majigambo, na picha ya kileleni amekwisha kuiahidi. Kichwa kinapouma anasema ni uchovu. Anapoanza kuyumba anasema ameteleza. Anaogopa kuambiwa ateremke, kana kwamba kuteremka ni fedheha. Ewe ndugu yangu, kuilinda nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sheria yetu. Allah ametukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Aliyegeuka katika mita 5,000 kwa sababu mwili wake umekataa hakushindwa. Amerudisha amana kwa wenyewe, nao ni mkewe, wanawe na wazazi wake.

Mtume (S.A.W) ametuagiza kwamba watatu wakisafiri wamteue mmoja wao awe amiri. Mlimani mwongozaji mwenye leseni ni wa lazima kwa kanuni za hifadhi, naye ndiye anayestahiki kusikilizwa. Akisema teremka, teremka. Hakuna ubishi wa kwamba nimelipa fedha zangu.

Haki kabla ya safari

Kabla mtu hajanunua viatu na koti, ajiulize maswali manne.

La kwanza ni deni. Safari ya mlimani ina gharama kubwa, hata kwa wananchi ambao hutozwa ada ndogo ya hifadhi kuliko wageni. Mtu anayedaiwa na muda wa kulipa umekwisha kufika, halafu akazitumia fedha hizo kwa matembezi, amemdhulumu mwenye haki. Alipe kwanza, au aombe ridhaa ya anayemdai. Wala haifai kukopa kwa riba ili kwenda kujifurahisha.

La pili ni matumizi ya nyumbani. Anayeondoka aache chakula, ada za shule, na fedha ya dharura kama mtoto ataugua. Salman Al-Farisi (R.A) alimkumbusha nduguye Abu Dardaa kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani mwake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake, na Mtume (S.A.W) akausadikisha usemi huo. Ikiwa saumu na sala za sunna hazikuachwa zimeze haki ya mke, vipi matembezi?

La tatu ni wasia. Tumefundishwa kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Aandike anadai nini na anadaiwa nini, na amana za watu ziko wapi. Kuandika hayo hakuleti mauti, bali humwondolea mkewe mateso ya kubishana na wadai akiwa ndani ya eda.

La nne ni wazazi. Mtu mmoja alimwendea Mtume (S.A.W) akitaka ruhusa ya kwenda katika jihadi, akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Alipojibu kuwa wako hai, akaelekezwa aifanye jitihada yake katika kuwahudumia. Basi kijana ambaye likizo yake ndiyo nafasi pekee ya mama yake kumwona kwa mwaka mzima, aanze kwa mama. Siku 28 zinatosha. Wiki moja au mbili kwa wazee, wiki moja mlimani, na siku zilizobaki kwa watoto wake kabla ya kurudi kazini. Akiupanga muda wake hivyo, mzee mwenyewe atamwombea dua anapoondoka. Ama dada zetu, waanze na suala la mahram, ambalo masheikh wetu wamelieleza kwa urefu, na hapo ndipo faida ya kusafiri kama familia inapoonekana.

Tusiwasahau wapagazi. Wao ndio wanaobeba mahema, maji na chakula. Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi. Mtu anayetafuta bei ya chini mno ajue kwamba mara nyingi punguzo hilo limetoka katika ujira wa mtu maskini, na Mtume (S.A.W) ametuamuru tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Muulize mwenye kampuni wapagazi watalipwa kiasi gani na watalala wapi, kisha ndipo ukubaliane naye.

Ibada katika baridi

Dini yetu ni nyepesi kwa msafiri. Aliyetimiza masharti ya safari hupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili, na anaweza kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Magharibi hubaki tatu na Alfajiri mbili. Kwa aliyeko Kilimanjaro, kibla ni karibu kaskazini kabisa, kikielemea kidogo mashariki.

Ruhusa ya kupaka maji juu ya khofu huonekana thamani yake mahali kama pale. Viatu imara, safi, vinavyofunika vifundo vya miguu, vikivaliwa baada ya udhu kamili, msafiri hupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu, kwa muda wa siku tatu na usiku wake, kuanzia udhu unapotenguka baada ya kuvivaa. Muda huo ukiisha, avue na aoshe. Atakayehofia madhara ya maji kwa baridi kali, na hana njia ya kuyapasha moto, anayo ruhusa ya kutayamamu. Masuala haya yana maelezo zaidi, na ni vyema msafiri ayapitie na sheikh wake kabla ya kuondoka.

Sala inayohitaji mpango ni ya Alfajiri ya usiku wa kilele, kwani wakati wake humkuta msafiri katikati ya mteremko mkali na baridi iliyo chini ya sifuri. Mwambie mwongozaji mapema kwamba itapofika baada ya saa kumi na moja utasimama kwa dakika chache kuswali. Ama mwezi wa Ramadhani, msafiri anayo ruhusa ya kula na kulipa baadaye, lakini lililo bora ni kutoipanga kabisa safari ya mlimani ndani ya mwezi huo. Mwili unahitaji maji mengi mno kule juu, na nyumbani kuna futari na tarawehe zinazomngoja baba wa nyumba.

Si lazima kufika kileleni

Wapo watakaosoma haya na kusema kwamba watoto wao ni wadogo au mifuko yao haitoshi. Hao nao wana nafasi. Mlima ule ule huruhusu matembezi ya siku moja. Familia yenye afya inaweza kutoka lango la Marangu asubuhi, ikapita chini ya miti mikubwa yenye kima mpaka Mandara, ikasogea hadi kreta ya Maundi na kutazama mbali, kisha ikarudi jioni. Wa pwani ya kusini wanayo Kilwa Kisiwani, yenye msikiti mkuu wa kale na magofu ya Husuni Kubwa, mahali alipofika Ibn Battuta mwenyewe. Mtoto aliyeswali na baba yake porini, au aliyeonyeshwa na mama yake kibla cha watu wa karne saba zilizopita, amepata somo ambalo darasani halipatikani.

Ndugu Waislamu, likizo zitaendelea kuja, na mlima hauendi popote. Wazazi ndio wanaoondoka. Anayekwenda na aende, akiwa amelipa madeni, ameandika wasia na ameaga kwa wema. Apande pole pole, ateremke anapoambiwa, na akimaliza haja yake afanye hima kurudi kwao, angali na watu wa kumpokea mlangoni.

Tunamuomba Allah (S.W) awahifadhi wasafiri wetu, awarejeshe salama, na azirefushe umri katika utii nafsi za wazazi wetu walio hai na kuwarehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.